Paa la Bati na Baridi ya Kericho: Lizuie Joto, Usiizuie Hewa



 Swali la mara hii limetoka kwa mama mmoja wa Kisauni, ambaye binti yake ni mwalimu upande wa Bomet, katika nchi ya chai. Binti huyo na mumewe wamepanga nyumba ya mabati yenye chumba cha darini, na watoto wao wawili ndio wanaolala humo. Kila wanapoamka kwa swala ya alfajiri hukuta matone ya maji yakining'inia chini ya bati, na mablanketi ya watoto yamelowa. Mdogo wao ana kikohozi kisichokwisha. Fundi amepanda juu ya paa mara mbili na hakuona tundu. Jirani, kwa nia njema, amewashauri wazibe kwa magunia kila mwanya ulio baina ya ukuta na paa, kisha waingize jiko la makaa chumbani ili pawe na joto kabla ya watoto kulala. Mama anauliza: je, ushauri huo ufuatwe?

Jibu letu la kwanza ni fupi, nalo tunamwomba mama alifikishe kwa simu leo hii kabla ya kusoma yaliyobaki: jiko la makaa lisiingizwe chumbani, na mianya isizibwe kwa magunia. Jibu la pili ni refu zaidi. Maji yale hayatoki mbinguni, bali hutoka ndani ya nyumba yenyewe, na dawa yake ni kuhami paa, yaani kulivisha tabaka linalozuia joto lisipotee, huku hewa ikiachiwa njia yake. Haya mambo mawili, joto na hewa, watu wengi huyachanganya. Kuyatenganisha ndiko kunakoifanya nyumba ya nyanda za juu ikalike kwa afya.

Baridi ya huko si baridi ya kwetu

Sisi watu wa pwani tunaijua Kericho kwa chai yake. Kilimo kikubwa cha chai kilianza huko mwaka 1924, na tangu mwaka 1969, mnada ulipohamishwa kutoka Nairobi, chai hiyo imekuwa ikiteremka hadi Mombasa kuuzwa. Lakini wachache miongoni mwetu wamewahi kulala katika nchi inakotoka. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Bomet nayo haiko mbali na kimo hicho. Kwa kawaida kila mtu anapopanda mita 1,000 hewa hupungua joto kwa nyuzi sita hadi saba za Selsiasi. Ndiyo maana, wakati sisi Mombasa tunatafuta upepo usiku, wao huko usiku wao hushuka hadi karibu nyuzi 10, hasa kuanzia Juni hadi Agosti.

Juu ya baridi kuna maji. Mvua ya Kericho kwa mwaka hukaribia mara mbili ya ile ya Mombasa, nayo huweza kunyesha alasiri baada ya alasiri bila ya kuwapo msimu wa ukavu wa kweli. Tena nyanda hizo, pamoja na Nandi jirani yake, zinajulikana kwa wingi wa mvua ya mawe. Katika miaka ya 1960 wenye mashamba ya chai walifikia hatua ya kutumia ndege kutia kemikali mawinguni ili kuipunguza. Mawe hayo huyachana majani ya chai, na juu ya paa hulipiga bati hadi watoto wakashtuka usingizini.

Binti wa pwani anayehamia huko hupeleka ujuzi wa nyumba ya pwani. Ujuzi huo si wa kutupwa, kama tutakavyoona. Lakini yapo mambo ambayo lazima ayageuze.

Maji ya alfajiri yanatoka wapi?

Hewa hubeba maji yasiyoonekana, nayo kadiri ilivyo na joto ndivyo inavyoweza kubeba mengi. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba karibu mara mbili ya maji yanayobebwa na hewa ya nyuzi 10. Hewa yenye joto ikigusa kitu baridi huyatua maji iliyoyabeba, kama tunavyoona glasi ya sharubati baridi ikitoka jasho mezani.

Sasa tulitazame bati. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara mia moja kuliko ubao, na bati lenyewe ni jembamba. Usiku usio na mawingu bati hulitoa joto lake kuelekea angani hata likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Chini yake wamelala watu. Mtu mzima aliyelala hutoa kwa pumzi na ngozi yake zaidi ya robo lita ya maji kwa usiku mmoja. Ongeza chungu kilichochemka bila kifuniko, nguo zilizoanikwa ndani kwa sababu ya mvua, na moto wa jikoni: kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji, na mafuta ya taa nayo hutoa maji yake. Mvuke wote huo hupanda juu pamoja na joto, hukutana na bati baridi, na kabla ya jua kuchomoza huwa matone.

Ipo njia rahisi ya kutambua kama paa linavuja au linatoka jasho. Paa linalovuja hutoa maji wakati wa mvua, mara nyingi mahali pamoja, na huacha doa la rangi ya chai kwenye mbao. Paa linalotoka jasho hutoa maji alfajiri hata kama mvua haikunyesha, tena chini ya bati lote, na matone hujipanga kwenye misumari. Maelezo ya binti wa Bomet ni ya jasho. Fundi angepanda hata mara kumi asingeona tundu.

Unyevu wa namna hii hauishii kwenye blanketi. Hulea kuvu kwenye mbao na kuta, na kuvu huchokoza kifua, hasa cha mtoto na cha mwenye pumu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, limependekeza kuwa nyumba katika nchi za baridi zisishuke chini ya nyuzi 18 wakati wa msimu wa baridi. Kikohozi cha mtoto huyu kisisubiri paa litengenezwe. Apelekwe kwa daktari, na akionekana anapumua kwa kasi au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe saa hiyo hiyo, kwani nimonia ni miongoni mwa maradhi yanayowaua zaidi watoto wadogo katika nchi yetu.

Waliotutangulia walijenga vipi

Wakipsigis, wenyeji wa nchi hiyo, walijenga nyumba za mviringo zenye kuta za udongo na paa nene la nyasi, na chini ya paa wakaweka dari ya kuhifadhia nafaka. Nyasi zina hewa nyingi iliyotulia ndani yake, na hewa iliyotulia ni kizuizi kikubwa cha joto. Mvuke nao ulipata njia ya kupenya taratibu kwenye nyasi. Paa hilo lilikuwa na kinga yake tayari.

Kwetu pwani, makuti hufanya kazi hiyo hiyo kwa upande wa pili, yaani kulizuia joto la jua lisiingie. Nyumba za mawe za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa zina dari nzito za boriti za mikoko, mawe na chokaa. Na katika nyumba nyingi za makuti fundi huacha mwanya baina ya ukuta na paa ili hewa ipite. Wazee wetu walijua kuwa tabaka nene ni la joto na mwanya ni wa hewa, na hawakukitumia kimoja kwa kazi ya kingine.

Bati lilipokuja, huko na huku, lilileta faida ya kudumu na ya kukinga maji na moto, lakini liliondoa lile tabaka nene. Kuhami paa ni kulirudisha.

Namna ya kuivisha dari

Kwanza, hakikisheni paa ni zima. Ingieni darini mchana wa jua, zimeni taa, mtafute vitundu vya mwanga. Misumari iliyolegea na kofia ya paa iliyopinda kwa mvua ya mawe irekebishwe kabla ya jambo lolote, kwa sababu kinga iliyolowa haizuii joto na huozesha mbao. Kama paa ni la zamani na si la bati bali ni la vigae vya asbesto, msitoboe, msikate wala msisugue. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu, na kwa mujibu wa sheria za Kenya huondolewa na wenye leseni ya NEMA tu.

Pili, amueni kinga ikae wapi. Kama nafasi ya darini haikaliwi, njia nyepesi na nafuu ni kuilaza kinga juu ya bodi za dari, unene wa sentimita 10 hadi 15, na kuacha paa lenyewe lipigwe na upepo. Lakini kama darini ni chumba cha kulala, kama ilivyo kwa binti yetu, kinga lazima ifuate mshazari wa paa, baina ya makombamoyo, yaani zile mbao za mshazari zinazobeba pau na mabati.

Tatu, acheni nafasi ya hewa. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea kwa kujaza pamba mpaka ikagusa bati. Baina ya bati na kinga pawe na nafasi ya sentimita 5 inayoendelea bila kukatika kutoka ukingo wa chini wa paa hadi kileleni. Hewa iingie chini kupitia mwanya wa kama sentimita 2 na nusu, na itoke juu kwenye kofia. Mianya hiyo ifungwe kwa wavu wa waya ili panya, popo na ndege wasiingie. Mwenye kuishi karibu na kiwanda cha chai ataielewa kazi ya nafasi hii: majani mabichi hunyaushwa kwa kupitishiwa hewa, kwa kuwa hewa inayotembea ndiyo inayoondoka na unyevu. Ikisimama, unyevu nao husimama.

Nne, pimeni kina cha kombamoyo. Mbao ya inchi 4 kwa 2 ina kina cha sentimita 10 tu. Ukiondoa 5 za hewa, kwa kinga hubaki 5, nazo hazitoshi. Basi fundi apigilie chini ya kila kombamoyo kipande cha mbao cha inchi 2, ili kinga ipate sentimita zake 10. Kichwa kitakuwa karibu kidogo na dari, lakini usiku utakuwa na tofauti.

Tano, chagueni kinga kwa kuzingatia usalama. Pamba ya kioo, iliyotengenezwa kwa nyuzi za kioo kilichoyeyushwa, haishiki moto kwa urahisi, nayo hupunguza pia kelele za mvua. Anayeiweka avae barakoa, glavu na nguo za mikono mirefu, na watoto wasiwe karibu. Povu jeupe gumu, kama lile linalofungiwa televisheni mpya, huzuia joto vizuri lakini huungua kwa moshi wenye sumu. Likitumika, lisiachwe wazi, bali lifunikwe kwa bodi. Karatasi ya kung'aa ya foili husaidia pale tu upande wake unaong'aa unapotazama nafasi ya hewa. Ikibandikwa moja kwa moja kwenye bati haina kazi. Ikipatikana ile karatasi maalumu inayozuia tone la maji lakini ikaruhusu mvuke kupita, itandazwe juu ya kinga, upande wa bati, ili tone lolote litakaloanguka litiririke hadi nje ya ukuta.

Sita, upande wa chumbani, kabla ya bodi, tandazeni karatasi ya nailoni nzito, na viungo vyake vipandane na kufungwa kwa utepe wa gundi. Kazi yake ni kuuzuia mvuke wa chumbani usiingie ndani ya kinga. Nailoni hukaa upande wenye joto, na kwa nyumba ya Kericho upande huo ni wa ndani. Msiuige mpangilio wa nyumba ya Mombasa yenye kiyoyozi, kwani huko joto na unyevu viko nje.

Mwisho, pigeni bodi za jasi au mbao za saiprasi, na msisahau mlango mdogo wa kupandia darini. Nao uvishwe kinga, kwani joto halichagui pa kutokea. Nyaya za umeme zikaguliwe na fundi wa umeme kabla hazijafunikwa.

Hewa na moto chumbani

Turudi kwenye ushauri wa jirani. Makaa yanayowaka ndani hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haichokozi koo. Mtu huanza kuumwa kichwa, kupata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Makaa yaliyofunikwa na majivu, yanayoonekana kuwa yamekufa, huendelea kuitoa. Kuiziba mianya kwa magunia na kuliingiza jiko ni kuwafungia watoto pamoja na sumu. Ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, na wanapata nafuu wanapotoka nje, watoke wote mara moja, jiko liondolewe na waende hospitali.

Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha kutukataza kuuacha moto ukiwaka majumbani wakati tunapolala. Mwenye kulishika fundisho hilo huko Bomet huenda akaokoa roho yake na za wanawe.

Tena jiko katika chumba kisichokuwa na kinga halina faida ya kudumu. Joto lake hupanda na kutokea batini, na makaa yakizimika chumba hurudi kilivyokuwa. Paa lililohamiwa hutunza joto lililopo, nalo ni la miili ya watu na la jua la mchana, wala halihitaji kuchochewa.

Kwa aliyepanga na mwenye uwezo mdogo

Tunajua kuwa binti yetu si mwenye nyumba. Hawezi kugusa paa bila idhini ya mwenyewe, na huenda fedha zisitoshe kwa mwezi mmoja. Azungumze na mwenye nyumba kwa upole, amwonyeshe kuvu na mbao zilizolowa, na amweleze kwamba unyevu huo unaozesha mali yake. Huenda wakakubaliana kugawana gharama, au kukata sehemu yake katika kodi. Makubaliano hayo yaandikwe na kushuhudiwa, kama dini yetu inavyotufundisha katika mambo ya fedha. Kazi si lazima ifanywe nyumba nzima kwa pamoja. Waanze na chumba wanacholala watoto.

Na yako ya kufanya usiku wa leo bila gharama. Watoto wateremshwe kulala chumba cha chini hadi paa litakapotengenezwa. Vyungu vipikwe vikiwa na vifuniko. Nguo zianikwe barazani chini ya paa, si chumbani. Madirisha yafunguliwe wazi kwa dakika kumi asubuhi na tena jioni kabla ya Magharibi. Hewa ya nje ni baridi, lakini ikishapata joto ndani huwa kavu na hubeba unyevu inapotoka. Vitanda visogezwe mbali na kuta za nje, magodoro yainuliwe kila asubuhi yapate hewa, na chini patandikwe mkeka na zulia. Mama wa Kisauni, kama unataka kupeleka zawadi safari ijayo, mablanketi mawili mazito yatafaa zaidi kuliko jiko jipya.

Watoto ni amana, na nyumba yenye afya ni sehemu ya haki yao juu yetu. Baba na mama washauriane katika jambo hili kama wanavyoshauriana katika chakula na ada ya shule, wala lisiachiwe fundi peke yake. Mwulizeni kabla hajaanza: hewa itapita wapi? Asiyekuwa na jibu, mtafuteni mwingine.

Juma lijalo, inshaAllah, tutazungumzia usafi wa matangi ya kuvunia maji ya mvua. Wenye maswali wayalete kwa njia ya kawaida. Tunamwomba Mwenyezi Mungu ampe mtoto wa Bomet shifaa ya haraka, na azijaalie nyumba zetu zote, za pwani na za bara, ziwe makazi ya utulivu.